Fremu Isiyo na Jina: Namna ya Kuitambua na Kuitumia Shuleni

Mwalimu anayepangwa kufundisha Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu huenda akaona, nyuma ya nyumba au chini ya mti wa fundi, fremu kuukuu ya baiskeli isiyo na magurudumu wala nembo, na ambayo rangi yake imekwisha. Watu huiita chuma chakavu. Sisi twaiona kuwa zana ya kufundishia. Lakini mwalimu kijana aipatapo fremu ya namna hiyo, hushawishika kutafuta msumeno mara moja. Katika makala haya tutaeleza kwa nini msumeno ushikwe mwisho. Kilichokatwa hakirudi, na swali lililokuwa na manufaa makubwa kwa watoto hupotea pamoja nacho.

Tuanze na mwenyewe

Tuchukulie kwamba mzee mmoja ameipa shule fremu aliyoiacha ghalani kwa miaka mingi. Kabla ya kuigusa, wanafunzi wamwendee kwa heshima wamwulize: Baba, uliipata wapi? Nani aliiendesha? Je, waridhia ikatwe? Huenda fremu hiyo ndiyo iliyobeba mahindi yaliyolipia ada ya watoto wake, naye angependa irudi barabarani. Ikiwa fremu haijulikani ni ya nani, mwalimu aipeleke kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kwa maana huenda iliibwa.

Kuisoma fremu

Baiskeli zilizotumika nchini mwetu zilitoka sehemu nyingi: Raleigh ya Nottingham na BSA ya Birmingham kutoka Uingereza, Hero ya Ludhiana kutoka India, Phoenix ya Shanghai kutoka China, na Swala iliyotengenezwa hapahapa nchini. Ugumu ni kwamba nyingi ya hizo zilifuata umbo moja, yaani ile baiskeli nzito ya Kiingereza yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma. Kwa hiyo umbo pekee halithibitishi jina. Yatupasa kutafuta dalili nyingine.

Dalili ya kwanza ni bomba la shingo, mahali nembo ilipofungwa. Nembo ikiwa imeng'oka, matundu yake hubaki. Wanafunzi wapime umbali kati ya matundu hayo, kisha walinganishe na baiskeli nzima za kijijini. Nembo ya Raleigh ilikuwa na kichwa cha korongo; ya BSA ilikuwa na bunduki tatu.

Dalili ya pili ni namba iliyogongwa kwenye chuma, karibu na bomba la kiti au chini ya kikombe cha pedali. Isuguliwe taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Rangi isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru watoto.

Dalili ya tatu ni hesi za shingo ya uma wa mbele. Rula iwekwe juu yake, na hesi zihesabiwe katika inchi moja. Raleigh walitumia hesi 26 kwa inchi, hali watengenezaji wengine wa Uingereza kwa kawaida walitumia 24. Kwa hiyo hesi 26 ni dalili nzuri ya Raleigh au ya kampuni ilizozimiliki, kama Humber na Rudge.

Dalili ya nne ni vipuri. Habu za Sturmey-Archer zenye gia zilipigwa mhuri wa mwaka: habu yenye 62 ilitengenezwa mwaka 1962. Lakini mwalimu ajihadhari. Mwaka huo ni wa habu, si wa fremu. Mafundi wetu wamebadilisha vipuri kwa miaka mingi.

Ubaoni tuchore safu tatu: Tunachokiona, Tunachokidhania, Tunachokijua. Kila dalili iandikwe katika safu yake. Safu ya tatu ikibaki na maneno machache, tusione haya. Mwalimu atangazaye kwamba fremu ni Raleigh kwa sababu tu ni nzito amewafundisha watoto kubahatisha.

Kuipima afya yake

Jina, hata likipatikana, halituambii kama fremu ni salama. Tutazame maungio yote kama yana nyufa. Tutazame chini ya bomba lielekealo pedali, karibu na shingo: uvimbe au mkunjo mahali hapo ni alama ya kugongwa. Kisha tufunge uzi kwenye ncha moja ya nyuma ambapo ekseli hukaa, tuuzungushe shingoni, tuurudishe kwenye ncha ya pili na kuuvuta ukaze. Tupime umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda.

Kuipa kazi

Fremu iliyo nzima, na ambayo mwenyewe apenda, ipelekwe kwa fundi irudi barabarani. Fremu iliyopinda kidogo au isiyoaminika barabarani yaweza kufungwa juu ya kiunzi cha mbao, ikatiwa gurudumu la nyuma na mnyororo, ikawa somo la mashine. Ikiwa meno ya mbele ni 44 na ya nyuma 22, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara mbili. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 71 lina mzingo wa kama sentimita 223. Basi barabarani mzunguko huo mmoja ungempeleka mwendeshaji karibu mita nne na nusu. Watoto wahesabu kwanza, kisha wapime. Mwalimu aukinge mnyororo kwa ubao, na asiruhusu vidole karibu nao.

Kazi za namna hii si ngeni kwetu. Wanoa visu wamezungusha mawe yao kwa pedali tangu zamani. Mjini Arusha, kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi iliyofungwa nyuma ya baiskeli. Fremu yenye nyufa ndiyo pekee inayostahili msumeno, ili mabomba yake yawe miguu ya benchi au nguzo za kitalu cha miche.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iunganishe akili na mikono. Fremu isiyo na jina yatupa nafasi ya kufanya hivyo: kuuliza, kupima, kukiri tusichokijua, na mwisho kutengeneza. Mwanachuo aende nayo kwa utaratibu huo, wala asiuvuruge.