Wizi wa kuvunja maduka mpakani: namna ya kujikinga, na la kufanya duka likishavunjwa

Kwa mwenye duka dogo katika miji ya mpaka wa Tanzania na Kenya, iwe Namanga, Sirari, Holili au Horohoro, usiku mmoja wa kuvunjiwa unatosha kumaliza mtaji wa miaka. Mara nyingi mali iliyoko rafuni si yake yote. Sehemu ni mkopo, sehemu ni mali kauli aliyopewa na mwenye duka la jumla wa Kariakoo, Arusha au Nairobi, na deni hilo halifutiki kwa sababu wezi wamepita.

Wafanyabiashara wengi wanapozungumzia kujikinga huzungumzia makufuli na milango ya chuma. Hayo ni muhimu, lakini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni uwezo wa mwenye mali kuthibitisha kwamba kitu fulani kilikuwa dukani kwake na ni chake. Asiye na uthibitisho huo hukosa mara tatu: polisi wanashindwa kumrudishia mali hata wakiikamata, kampuni ya bima inakataa kulipa, na mtuhumiwa anaachiwa mahakamani.

Mpakani jambo hili lina uzito zaidi. Namanga kuna mji mmoja wenye pande mbili, na watu huvuka kwa miguu na kwa pikipiki mchana na usiku. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilifunguliwa rasmi Desemba 2018 na kimerahisisha sana safari ya malori, lakini mwizi mwenye mabegi mawili ya simu hapiti kituoni. Hupita njia za panya. Duka linaweza kuvunjwa saa nane usiku, na kabla ya jua kuchomoza mali iko upande wa pili, mbele ya mnunuzi asiyejua ilikotoka au asiyetaka kujua.

Siku ya kushusha mzigo

Wezi wa maduka hawabahatishi. Huangalia duka gani limeingiza mzigo, na ndiyo maana duka linaweza kukaa miezi bila kuguswa halafu likavunjwa siku mbili baada ya lori kushusha. Hapa wasafirishaji nao wanahusika. Gari linapofika saa moja usiku na kushusha mbele ya mlango, chini ya taa, huku makuli sita wakihesabu maboksi kwa sauti, mji mzima umeshajua kilichoingia.

Mzigo wa thamani ushushwe asubuhi, duka likiwa wazi na watu wake wakiwapo, ili uhesabiwe na kupangwa kabla ya kufunga. Kama gari limechelewa ni afadhali lilale kwenye maegesho yenye ulinzi kuliko kushusha gizani. Dereva atalalamika kuhusu gharama ya siku moja, na ana haki ya kulipwa, lakini gharama hiyo ni ndogo. Maboksi matupu ya televisheni au ya simu yasitupwe nje ya duka. Yakunjwe na kuondolewa, maana boksi tupu jalalani ni tangazo.

Nambari ya simu ya dereva, ya msaidizi wake, na majina ya makuli walioshusha viandikwe. Hii si kuwatuhumu. Likitokea jambo, polisi watauliza swali hilo kwanza, na anayeweza kulijibu papo hapo anaokoa siku nzima ya upelelezi.

Paa, ukuta na ufunguo

Fremu nyingi za maduka zina mlango wa chuma wenye kufuli tatu, na juu yake bati lililopigiliwa misumari ambalo mtu mmoja analing'oa kwa dakika chache. Mwenye fedha ya kuimarisha sehemu moja tu, aanze na paa. Wavu wa nondo uliochomelewa na kufungwa kwenye kuta, chini ya bati na juu ya dari, humchelewesha mwizi na kumlazimisha kupiga kelele. Mwizi wa usiku huogopa hayo mawili kuliko kitu kingine.

Ukuta wa pamoja na fremu ya jirani nao uangaliwe. Ipo mbinu ya zamani ambapo mtu hukodi fremu ya pili, hukaa wiki kadhaa bila biashara ya kueleweka, kisha hutoboa ukuta usiku. Rafu nzito zilizojaa zikiegemezwa ukuta huo husaidia. Kumjua jirani mpya husaidia zaidi.

Kufuli liwe la aina ambayo mkono wake umefichwa ndani ya chuma, kwa sababu mkasi wa kukatia nondo haupati pa kushika. Bawaba ziwe upande wa ndani. Taa ya nje iwake usiku kucha, na kama umeme hukatika mara kwa mara, taa ndogo ya sola inatosha.

Ulinzi wa mtu mmoja mmoja ni ghali kwa duka dogo, ndiyo maana safu nzima ya maduka huchangia mlinzi. Utaratibu huo ni mzuri, ila mlinzi awe anafahamika kwa viongozi wa mtaa na polisi, na asipokee chakula wala kinywaji kwa mtu asiyemjua. Kumlaza kijana wa duka ndani kisha kumfungia kwa nje si ulinzi. Moto ukitokea hana pa kutokea, na hakuna mzigo unaolingana na roho ya mtu.

Kuhusu fedha, kanuni ni moja: zisilale dukani. Droo iachwe wazi na tupu ili anayechungulia aone hakuna kitu. Wenye maduka ya mpakani hukaa na fedha za nchi mbili, na wengi huacha shilingi za upande wa pili dukani wakisubiri bei nzuri ya kubadili. Zikiibwa hasara ni ile ile. Malipo ya mzigo kati ya Kenya na Tanzania yanaweza kufanyika kwa simu. Huduma ya M-Pesa baina ya nchi hizi mbili ilianza 2015. Wakala wa fedha za simu aondoke na laini zake kila jioni, na nambari ya siri isiandikwe kwenye daftari la dukani. Hilo linajulikana kwa kila mtu, na bado linafanyika.

Ufunguo nao una habari yake. Mfanyakazi akiacha kazi, kufuli zibadilishwe siku hiyo hiyo hata kama mmeagana vizuri. Duka likifunguliwa kwa ufunguo na kuibiwa bila alama ya kuvunjwa, kudai bima huwa kugumu sana, kama itakavyoelezwa.

Daftari na alama

Katika mahakama za Tanzania, mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita anaweza kutiwa hatiani kwa kukutwa nayo tu, asipotoa maelezo ya kuridhisha. Lakini masharti lazima yatimie. Mali iwe imekutwa kwake, iwe ndiyo inayotajwa kwenye shtaka, iwe imeibwa karibuni, na ithibitishwe bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji. Hilo la mwisho limeangusha kesi nyingi. Mwenye duka anasema "hizi ni doti zangu za vitenge", anaulizwa amezitambuaje, na jibu lake ni kwamba zinafanana na alizokuwa nazo. Vitenge vya namna hiyo vimejaa sokoni.

Mali inatambulika kwa namba au kwa alama. Simu ina namba ya IMEI, iliyoandikwa kwenye boksi na inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Redio, televisheni, betri za gari, pampu na mashine za kusaga zina namba za kiwandani. Ziandikwe siku mzigo unapoingia, si siku ya kuibiwa. Kwa bidhaa zisizo na namba, kama nguo, vyombo au matairi, mwenye duka aweke alama yake ndogo mahali pamoja pasipoonekana haraka, na aeleze katika daftari kwamba alama ni hiyo. Kalamu ya wino usiofutika inatosha.

Daftari lenyewe lisikae dukani. Wezi huchukua hata karatasi, na bomba likipasuka au moto ukitokea matokeo ni yale yale. Picha ya kila ukurasa kwenye simu, ikatumwa na kwa ndugu au mshirika, inamaliza tatizo hilo.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa mpakani hawapendi kulizungumza. Mzigo ulioingia kwa njia za panya hauna karatasi, na mwenye mali hiyo akiibiwa husita kwenda polisi kwa sababu ataulizwa aliingizaje. Kwa Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mali isiyolipiwa ushuru inaweza kutaifishwa. Wezi wanalijua hili, na duka la mali isiyo na karatasi ni rahisi kuibiwa kwa sababu mwenyewe hatapiga kelele.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Cheti hicho, pamoja na risiti ya aliyeuza, vinakuwa ushahidi kwamba mzigo ni wa nani. Wengi huona cheti kama usumbufu wa nusu saa. Siku duka linapovunjwa ndipo thamani yake inapoonekana.

Duka likishavunjwa

Anayekuta mlango umevunjwa asiingie. Mwizi anaweza kuwa bado ndani, na hata kama ameondoka, nyayo na alama za vidole zinaharibiwa na majirani wanaojaa kutazama. Ajulishwe mwenyekiti wa mtaa, iitwe polisi, na picha zipigwe kabla ya kufagia.

Upande wa Tanzania mlalamikaji apewe namba ya RB, na upande wa Kenya namba ya OB. Asiondoke kituoni bila namba hiyo, kwani bima, benki na mamlaka ya kodi wote wataidai. Wakala apige simu kwa kampuni yake laini zifungwe saa hiyo hiyo. Mashine ya EFD ikiwa imeibwa, TRA ijulishwe mara moja pamoja na polisi.

Orodha ya vilivyoibwa iwe ya kweli. Wapo wanaoongeza vitu ili bima ilipe zaidi, na matokeo yake ni kwamba orodha ya polisi inatofautiana na daftari, kisha dai zima linatiliwa shaka.

Mtuhumiwa akikamatwa na wananchi apelekwe kituoni akiwa mzima. Kumpiga ni kosa, tena ni hasara kwa mwenye duka mwenyewe, kwa sababu aliyekufa hasemi mali iko wapi wala nani aliinunua.

Mali ikisikika imevuka mpaka, mwenye duka asiende kuifuata au kuinunua tena mwenyewe. Apeleke habari kwa polisi wa upande wake, pamoja na namba za mali, nao wawasiliane na wenzao. Majeshi ya polisi ya Afrika Mashariki yana umoja wao, EAPCCO, tangu 1998. Simu zinahitaji haraka ya pekee: IMEI ikifungwa nchini, haimaanishi simu itazimika kwenye mtandao wa nchi jirani. Kwa anayenunua, bei ya chini bila risiti ni hatari. Kupokea mali ya wizi ni kosa nchi zote mbili, na Kenya adhabu yake inaweza kufika miaka 14 jela.

Mali ikipatikana huwekwa kama kielelezo hadi kesi iishe, na kesi huchukua muda. Mwenye mali anaweza kuomba mahakama ipigwe picha na arudishiwe, hasa kama ni bidhaa inayoharibika.

Bima ya wizi kwa kawaida hulipa pale tu penye dalili za kuvunja na kuingia kwa nguvu. Wizi wa mfanyakazi una bima yake nyingine. Kosa linalowaumiza wengi ni kukata bima pungufu ili kupunguza malipo. Duka lenye mali ya shilingi milioni 20 likikatiwa bima ya milioni 10, na wezi wakachukua mali ya milioni 6, fidia kwa kawaida huwa milioni 3, kwa sababu nusu ya hatari aliibeba mwenyewe.

Wasafirishaji wanaoacha mizigo ya wateja kwenye stoo ya duka la rafiki "hadi kesho" waulize kwanza kama bima ya duka hilo inahusu mali ya mtu mwingine. Mara nyingi haihusu. Waandikiane karatasi yenye idadi, hali ya mzigo, saa ya kupokea na nani atabeba hasara. Bila karatasi hiyo, mwenye stoo, msafirishaji na mwenye mzigo watafikishana mahakamani wote watatu, na mwizi yuko nje.

Aliyetoa mali kauli aambiwe siku hiyo hiyo na aoneshwe RB. Wauzaji wengi wa jumla hukubali kupanga upya malipo kwa mteja aliyejitokeza mapema, na humfungia mlango aliyezima simu. Kisha paa na mlango virekebishwe kabla ya kuleta mzigo mpya, kwani duka lililovunjwa mara moja lina hatari kubwa ya kuvunjwa tena katika wiki zinazofuata. Wezi wameshaijua njia, na wanajua rafu zitajazwa upya.