Wanaoshindana na Jua

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari za silanga. Sizungumzii lile bwawa la kijiji ambako mifugo ya kila boma hunywa. Nasema ile silanga ndogo ya nyuma ya nyumba, iliyochimbwa mahali maji ya mvua hupita, kisha ng'ombe wakaikanyaga mpaka udongo wa mfinyanzi ukashikamana na kuzuia maji. Iwe Mutomo, Mwingi au Kibwezi, mtoto mwenye silanga kama hiyo kwao ana raha kubwa.

Hapa Ukambani tunategemea mvua ya vuli, ile ya Novemba na Desemba. Inanyesha shule zikiwa zimefungwa, silanga inajaa, na usiku vyura wanapiga kelele hadi mnashindwa kulala. Halafu inakuja Januari, na jua linaanza kunyonya maji. Kwa mwaka mmoja jua letu laweza kunyonya zaidi ya mita moja na nusu ya maji yaliyo wazi. Ndiyo maana watu wa Kitui na Makueni wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta unakatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Lakini silanga haina pa kujificha. Kila kiumbe aliyemo anashindana na jua, na mashindano hayo ndiyo ninayotaka myaone.

Asubuhi baada ya mvua, angalieni matawi yaliyoinama juu ya maji. Mkibahatika mtaona fungu jeupe linaloning'inia. Hicho ni kiota cha chura. Mama chura hutoa ute, akaupiga kwa miguu yake ya nyuma mpaka ukaumuka kama yai linalopigwa kwa uma, na madume wakamsaidia kuupiga. Ndani ya povu hilo hutaga mayai. Nje povu linakauka na kuwa gamba, ndani linabaki na unyevu, na samaki hawawezi kuyafikia mayai. Baada ya siku chache povu linalegea upande wa chini, na viluwiluwi wanadondoka majini. Chura mwenyewe ni wa ajabu vilevile. Wenzake wakikimbilia matopeni, yeye hukaa tawini juani, ngozi yake ikigeuka nyeupe ili kurudisha joto.

Na yule kereng'ende wa manjano anayezunguka juu ya maji, mnajua huenda ametoka wapi? Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alieleza kwamba kereng'ende hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, wakibebwa na pepo, mpaka Afrika Mashariki. Mabaharia nao walingoja upepo wa kaskazi ili majahazi yaje huku. Kereng'ende hana tanga wala nahodha, ila mabawa manne membamba, naye anafuata mvua kwa sababu watoto wake hukulia katika vidimbwi vya mvua kama hiki chetu.

Watoto hao hawana mabawa. Wanatambaa chini matopeni, na kila mmoja ana mdomo wa chini uliokunjwa chini ya uso. Kiluwiluwi cha mbu kikipita, mdomo ule unafyatuka mbele, unakikamata na kukirudisha kinywani. Ni kufumba na kufumbua. Mimi nawapenda sana, maana kila mbu anayeliwa akiwa mdogo hatatuuma usiku. Nao hukua upesi, wakapanda juu ya jani, wakavua ngozi na kuruka kabla maji hayajakauka.

Sasa sikilizeni vizuri. Silanga hutazamwa ukiwa na mtu mzima, tena ukingoni. Matope yake yanateleza, na kina chake hakionekani. Msiingie majini kucheza, kwa kuwa konokono wadogo wa humo wanaweza kubeba vijidudu vya kichocho.

Nguo nazo msizifulie ukingoni, kwani sabuni huua viluwiluwi wa chura. Choteni maji kwa ndoo, mkafulie mbali. Na baba akichukua panga kutafuta kuni, mwombeni aliache lile tawi lililoinama juu ya maji.