Sauti ya marehemu haikupotea, ilinyimwa zamu

Hivi karibuni nilimtia simanzi mama wa watu bure. Ni jirani yetu hapa Kibokoni, mjane wa mzee aliyekuwa akiimba taarabu kwenye harusi za mjini. Aliniletea diski aliyoiacha marehemu. Mlikuwa na wimbo uliorekodiwa studio miaka ya 2000 na haukutolewa, na wajukuu wataka kumsikia babu yao. Nikaifungua kwenye kompyuta yangu kuukuu. Fidla zasikika, kodiani yasikika, kinanda, dumbaki, waitikiaji. Babu hayumo. Nikarudia mara tatu, kisha nikamwambia, "Mama, sauti yake haimo. Labda ilifutwa."

Hakunijibu. Alichukua buibui lake akaondoka.

Kumbe imo. Naandika haya kwa sababu sidhani ni nyumba moja tu hapa Mji wa Kale yenye diski kama ile, na vijana wetu wanaorekodi vyumbani wasije wakafuta kitu kisichorudi.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakukuwa na mambo ya treki. Waimbaji na wapigaji walisikika pamoja na sauti zao zikaingia pamoja. Nani asikike zaidi lilikuwa suala la nani amekaa karibu na chombo cha kunasia sauti. Ukikosea, mwaanza upya nyote. Leo kila sauti yaingia kwenye njia yake, ndiyo treki: mwimbaji yake, udi yake, kila ngoma yake. Mkirudia kiitikio mara sita, mwaweza kuwa na treki sita. Hapo ndipo kompyuta yapaswa kujua zipi zichezwe.

Sasa, programu hazifanani, na hapa ndipo wengi twaponzeka.

Mimi nilitumia Pro Tools LE, toleo la 7. Toleo lile lina kikomo: haliwezi kucheza zaidi ya treki 32 kwa mara moja. Studio iliyorekodi wimbo ilikuwa na mtambo mkubwa zaidi, na kazi yenyewe ilikuwa na treki 37. Programu ikahesabu kutoka juu kuja chini. Zilizokuwa juu zikapata nafasi, tano za mwisho zikafunguliwa zikiwa zimezimwa. Na nani huwa wa mwisho kurekodiwa? Mara nyingi ni mwimbaji, baada ya ala zote kukaa sawa. Treki yake ilikuwa ya 36. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kulala, lina rangi ya kufifia, nami sikulitazama. Nilitegemea masikio peke yake.

Dawa yake si kununua mtambo mpya. Nilichagua treki sita za kiitikio zilizorudiwa rudiwa, nikazizima mbili, nikaiwasha ya mzee na kuipandisha hadi juu kabisa ya orodha. Katika Pro Tools ile, nafasi zikiwa chache, wa juu ndiye apewaye kwanza. Jambo ambalo ungelisimamia sebuleni kwako, mzee akae mbele na watoto wasogee, kompyuta hailijui mpaka uipange wewe.

Vijana wengi lakini watumia Audacity kwa kuwa ni ya bure. Huko kukaa juu au chini hakuna maana yoyote, treki zote huchezwa pamoja. Kinachoamua ni vitufe viwili: Mute hunyamazisha treki ile, Solo huiacha peke yake na kunyamazisha zilizobaki. Hatari yake ni pale unapotoa faili la mwisho. Treki iliyonyamazishwa haiingii kwenye faili hilo. Mtu amnyamazisha mwimbaji ili asikilize dumbaki vizuri, adhana yaalika, aenda zake kuswali, akirudi atoa faili na kulituma kwa simu. Kisha, ili apate nafasi kwenye kompyuta, afuta kazi yenyewe. Hapo tena hakuna wa kumsaidia.

Wenye REAPER wana fumbo jingine. Ukirekodi mara ya pili mahali palepale, sauti ya kwanza haifutiki, yakaa pamoja na ya pili kama sahani zilizopangwa, na ichezwayo ni ile uliyoichagua tu. Nimeona mtu akilia kwa udi alioupiga vizuri jana, nao uko pale pale chini ya ule wa leo.

Kwa hiyo kabla hujasema "haimo", tazama mawimbi ya sauti kwenye kioo. Palipo na mchoro pana sauti. Na faili la asili usiliguse. Fanya nakala, uchezee nakala.

Nilimwita yule mama baada ya Alasiri, saa ambayo tuktuk hupungua kidogo kichochoroni kwetu. Akaja na wajukuu wawili. Mzee akaingia baada ya fidla, sauti nzito, na pumzi yake yasikika kabla ya kila ubeti. Mama alisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza, "Na hicho kinanda, mwanangu, hakiwezi kushushwa? Mwenyewe hakukipenda."

Nikakishusha.