Kioo Kikizima, Usikimbilie Kusema Kimekufa

Kila ukifika msimu wa kuandika utafiti, kwenye dahalia na vyumba vya kupanga hapa Tunguu husikika malalamiko yaleyale. Mmoja atasema kioo chake kinachezacheza. Mwengine atasema kimezima kabisa, lakini mashine inanguruma. Wengi wetu kompyuta zetu ni za mezani, zilizokwishatumika, ama tumenunua mjini ama jamaa katuletea kutoka Dar es Salaam. Ukiambiwa "kioo kimekufa, nunua chengine" na mkopo haujaingia, hapo ndipo watu wanapoanza kuandika sura ya pili kwenye simu.

Mimi nasoma ualimu, si kompyuta. Lakini kutafuta hitilafu ya kioo ni kazi ambayo mwalimu anaielewa. Mtoto akikosa hesabu hukimbilii kumwambia hana akili. Unapitia hatua zake moja moja mpaka uione ile aliyoteleza. Picha nayo ina hatua zake: inaanzia kwenye umeme, inaingia kwenye lile sanduku tunaloliita CPU, inatengenezwa na kadi ya picha, inapita kwenye waya, ndipo inafika kwenye kioo. Juu ya yote hayo kuna programu inayotoa amri. Kanuni ni moja tu: badilisha kitu kimoja, angalia, kisha ndiyo uende kwa kinachofuata. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata ikipona hutajua kilichoiponya.

Sisi wa Unguja tunalijua vizuri neno "kuzima". Kuanzia 1980 umeme wetu wa gridi ulikuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba. Mwaka 2008 hitilafu kwenye njia hiyo ilikiweka kisiwa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi kwa karibu miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikuja 2013. Katika miezi ile balbu za majumbani zilikuwa nzima. Giza lilionekana ndani ya nyumba, ugonjwa uko pengine. Na kioo cha kompyuta ndivyo hivyo hivyo.

Basi tuanze na umeme. Vifaa vyetu vinategemea volti 230. Kioo kikipepesa, itazame taa ya chumba. Kama nayo inafifia, au kama hutokea pale jirani anapowasha pasi au pampu ya maji inapoanza, kompyuta yako haina kosa. Ichomeke moja kwa moja ukutani badala ya kwenye ekstensheni iliyobeba feni, jagi la umeme na chaja nne. Kama tabia hiyo ni ya kila siku, stabilaiza au UPS ni bora kuliko kioo kipya, maana kioo kipya nacho kitapepesa.

Pili, kiulize kioo chenyewe. Chomoa waya wa picha, ukiache kioo na umeme wake tu. Kikiwa kizima kitaandika kwamba hakipati mawasiliano, na maandishi yatatulia. Bonyeza vitufe vyake ufungue menyu yake ya mwanga na rangi. Menyu hiyo inatoka ndani ya kioo, haitoki kwenye kompyuta. Kwa hiyo ikipepesa nayo, ugonjwa uko kwenye kioo au adapta yake. Ikitulia, kioo kizima, rudi nyuma kwenye waya. Ukiwa kwenye menyu hiyo hiyo, hakikisha umechagua mlango unaoutumia: waya uko HDMI na kioo kinasubiri VGA, hakitaonesha kitu hata ukae mpaka alfajiri.

Kuna jaribio jengine la tochi. Kioo kikiwa cheusi na taa yake ndogo ya chini inawaka, zima taa ya chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona kivuli cha madirisha na maandishi, picha imefika, ila taa ya nyuma ya kioo imekufa. Hiyo sasa ni kazi ya fundi, lakini unakwenda kwake ukijua unachokwenda kutengeneza, na mtu anayejua hapigwi bei kirahisi.

Tatu, waya. Hapa ndipo penye wagonjwa wengi. Waya wa VGA una skrubu mbili, na wengi hatuzikazi. Meza ikitikiswa kidogo, picha inakuwa ya manjano au ya waridi, maana pini moja imepoteza mguso. Zima mashine, uchomoe, ziangalie pini kama kuna iliyopinda, urudishe na ukaze. Hewa yetu ya chumvi na unyevu nayo haina huruma na shaba. Waya uliokaa miaka dirishani huota kutu na kijani. Azima waya wa mwenzako kwa dakika tano kabla hujanunua. Tena angalia umechomeka wapi: kama mashine yako ina kadi ya picha ya kuongezea, waya uende kwenye mlango wa kadi hiyo, si ule wa bodi kuu ulio karibu na milango ya kipanya.

Nne, sanduku. Kioo kikiwa cheusi na feni zinazunguka, bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta iko hai na ni picha tu iliyopotea. Isipobadilika, mashine yenyewe imeganda au haikuwaka sawasawa, na mara nyingi hapo wa kwanza kushukiwa ni ramu. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki umalizike, gusa chuma cha sanduku, ndipo ufungue. Toa ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa kawaida, pangusa, rudisha mpaka vishikizo vya pembeni vilie "tak".

Kama kioo huzima baada ya nusu saa, au kila ukifungua video nzito, fikiria joto. Vumbi la barabara zetu huziba feni na mapezi ya kupoozea. Lisafishe kwa brashi laini, huku umeizuia feni isizunguke. Ikiendelea, pawa saplai inaweza kuwa imechoka, na hilo ulipeleke kwa fundi. Na kama kinazima kila baada ya dakika zilezile bila ya wewe kugusa kitu, na kikiguswa kinaamka, huo si ugonjwa. Ni mpangilio wa kubana umeme, kaubadilishe kwenye settingi.

Tano, programu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager. Kioo kinapochezacheza, litazame dirisha hilo. Likicheza pamoja na vyengine vyote, shuku draiva ya picha: isasishe, au kama tatizo lilianza baada ya kusasisha, irudishe ile ya zamani. Likitulia wakati vyengine vinacheza, kuna programu moja inayochokoza. Iondoe au uisasishe. Na kioo kikiwa cheusi ghafla mashine ikiwa hai, jaribu kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Hiyo huianzisha upya draiva bila kufunga kazi yako. Wallahi, kwa mtu ambaye hajahifadhi kurasa zake 30, vitufe hivyo vinne ni vya kuvijua kwa moyo.

Sasa mpaka. Usifungue kioo wala pawa saplai. Ndani yake kuna kapasita zinazoshikilia umeme hata baada ya kuchomoa ukutani, na umeme huo unaua. Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona moshi, chomoa, basi, kazi yako imeishia hapo.

Naandika haya kwa wenzangu wa ualimu zaidi. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa skuli moja, sitaitaja. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 10, na 6 zimefunikwa kanga kuukuu na kubandikwa karatasi: MBOVU. Watoto 40 waligawana zile 4, kumi kumi, na anayeshika kipanya ni yule mwenye kiwiko chenye nguvu, aghlabu si msichana. Mimi na mwalimu wa somo tulikaa alasiri mbili tukapitia hatua hizi moja moja. Mashine ya kwanza ilikuwa na waya uliolegea. Ya pili ramu ilikuwa na kutu. Ya tatu kioo chake kilikuwa kinasubiri mlango usio na waya. Tatu zilizobaki zilikuwa mbovu kweli, tukaandika kwenye karatasi ugonjwa wa kila moja badala ya lile neno moja.

Wiki iliyofuata hakuna kundi lililozidi watoto sita. Hatukununua hata skrubu. Mwakani wengi wetu tutapangiwa skuli za namna hiyo, na fundi yuko mjini, nauli na muda juu yako. Kabla hujaibandika karatasi mashine yoyote, kwanza kaza waya.