Maziwa ya Soya na Maziwa ya Ng'ombe

Mama, mtazame mtoto uliyemwachisha ziwa. Je, miguu yake imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, wala hataki kucheza? Huo ndio ugonjwa ambao watu wa Bushi huuita bwaki. Usikawie, mlete hospitali leo.

Mara nyingi bwaki humpata mtoto alaye ugali wa muhogo tu. Maziwa yangemfaa, lakini ng'ombe wengi wa Kabare na Walungu waliporwa katika vita vilivyoanza mwaka 1996, nayo maziwa ni ghali. Basi tumia soya. Iloweke usiku kucha, toa maganda, twanga, tia maji safi, chuja, kisha chemsha dakika 20 ukikoroga. Usifupishe, maana soya mbichi huzuia tumbo kusaga chakula. Karanga pia hutoa maziwa, ila ni hafifu zaidi. Zenye ukungu hudhuru ini, zitupe.

Hata hivyo soya haitoshi peke yake. Ina upungufu wa chokaa ijengayo mifupa, tena haina vitamini B12, ambazo ng'ombe hutupa. Kwa hiyo msagie mtoto sambaza wakavu wa ziwa letu la Kivu, pamoja na mifupa yao.

Ukipata maziwa ya ng'ombe, hata wa jirani amtunzaye vema, yachemshe. Na mtoto asiyetimiza miezi 6 asipewe lolote ila ziwa la mama.