Moshi ya babula, vumbi ya barabara: watoto wetu wa Goma wanavuta hewa gani?

Saa kumi na mbili za asubui, Ndosho ao Majengo, kazi ni ile ile karibu katika kila parsele. Mama anatosha babula, anapanga makala, anatafuta kipande cha sashe ao cha bido ya zamani ili moto ishike mbio. Mtoto iko mgongoni. Moshi ya kwanza, ile nyeusi yenye kuuma macho, wanaivuta wote wawili. Kiisha mamotari wanaanza kupita, na vumbi nyeusi ya mawe ya volkano inaamuka.

Tumezoea. Ndiyo shida yenyewe.

Mtu mkubwa aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika moja. Mtoto mchanga anapumua mara 30 mpaka 60. Kwa hiyo, tukilinganisha na uzito wa mwili wake, anaingiza hewa mingi kuliko sisi, na uchafu mingi pia. Tena mapafu yake bado inajengwa. Na akianza kutembea, pua yake iko karibu na urefu wa eshapema ya magari.

Vumbi ile tunapanguza juu ya meza siyo mbaya kuliko zote. Ile ya hatari zaidi haionekane: ni ndogo karibu mara 30 kuliko unene wa unywele mmoja. Pua haiizuie, inashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na ingine inaingia katika damu. Inatoka katika moshi ya makala, ya mazuti, ya plastiki inayoungua. Shirika la afya duniani, OMS, lilipiga hesabu ya mwaka 2016: watoto karibu 600 000 wa chini ya myaka 15 walikufa kwa magonjwa ya mapafu yenye kuambatana na hewa chafu. Na kwa wale wa chini ya myaka mitano, OMS inasema karibu nusu ya vifo vya pnemoni vinatokana na moshi ya ndani ya nyumba. Ni kusema jikoni, siyo ku viwanda. Hapa kwetu viwanda viko wapi?

Nieleze jambo moja lililotufikia. Mtoto wa dada yangu, myezi kumi, alikohola siku tatu. Sisi tulikuwa tunamupa siro ya ku famasi ya kartie. Ku kituo cha afya, muuguzi hakuanza na siro wala sindano. Aliinua nguo ya mtoto, akaangalia kifua, akahesabu pumzi dakika moja nzima kwa saa yake. Ilikuwa 58. Pnemoni. Hakuna aliyesema ni babula iliyoileta, kwani pnemoni inaletwa na vijidudu. Lakini moshi inachosha mapafu, na vijidudu vinakuta mlango wazi.

Ile hesabu kila mzazi anaweza kuifanya, mtoto akiwa ametulia ao amelala. Chini ya myezi miwili: pumzi 60 ao zaidi kwa dakika ni hatari. Kuanzia myezi miwili mpaka mwaka moja: 50 ao zaidi. Kuanzia mwaka moja mpaka mitano: 40 ao zaidi. Na kama chini ya mbavu kunaingia ndani kila mara anapovuta hewa, usingoje kesho, hata kama hana homa.

Kuna hatari ingine, na hii inaua usiku moja tu. Wakati wa baridi, watu wanaingiza babula katika chumba cha kulala, wanafunga mlango, wanaona makala imekuwa nyekundu, hakuna moshi, basi hakuna mashaka. Apana! Makala nyekundu ndiyo inatoa gazi yenye haina rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Kichwa kinauma, mtu anasikia kizunguzungu, anatapika, usingizi unamubeba. Ukiona alama hizo, tosha watu wote inje kwanza, fungua mlango, kiisha kimbilia hopitali.

Mengine hayaombe feza. Washa babula inje, na mtoto akae mbali mpaka ile moshi ya kwanza iishe. Acha plastiki kabisa. Tumia vijiti vikavu ao majani makavu ya mahindi. Loweka maharagi usiku muzima, funika chungu: yataiva mbio na makala itapungua. Nyunyiza maji kabla ya kufagia parsele. Na usisahau chanjo: ile ya pnemokoke iko katika kalendari ya chanjo ya watoto ya inchi yetu, na ni ya bure. Kitambaa ku mdomo kinasaidia kidogo kwa vumbi kubwa. Kwa gazi, hapana.

Kuhusu Nyiragongo, hakuna wa kuifunga mdomo. Siku moshi yake inashuka juu ya muji na koo inawasha, watoto wenye asma wabaki ndani, na maji ya mvua ya kwanza kutoka ku manjanja yasinywewe.

Lakini tusiwatwike wamama mzigo wote. Barabara zenye hazina lami, takataka zinazochomwa kando ya masoko, hizo si kazi ya mtu moja. Na umeme? Sentrali ya Matebe, kule Rutshuru, ilifunguliwa mwaka 2015, na waya zilifika mpaka hapa Goma. Kwangu taa inawaka, simu inapata sharji. Maharagi, kusema kweli, bado tunayapika juu ya makala, juu bei ya kupika na umeme tuliiogopa mwezi wa kwanza tu.