Uvimbe wa Titi Unaokuja na Hedhi

Tuseme mwanamke mmoja mkazi wa Butimba, mjini Mwanza, amegundua uvimbe mdogo kama gololi ndani ya titi lake. Kila zikaribiapo siku zake, uvimbe huo hujaa na kuuma. Hedhi ikiisha, maumivu hupoa. Jirani humtuliza kwa kumwambia, "Hayo ni mambo ya mwezi tu, dada." Yawezekana jirani amesema kweli. Lakini maneno hayo hayajapimwa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Matiti hutii homoni mbili zitokazo kwenye ovari, yaani estrojeni na projesteroni. Kabla ya hedhi huweza kujaa na kuuma, nayo ni hali ya kawaida kwa wanawake wengi. Sababu nyingine, iliyo adimu mno, ni endometriosi ya titi.

Endometriosi ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pengine. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba humpata mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Tishu hizo huvimba na kuvuja damu kwa kufuata mwezi, na kwa kuwa damu hiyo haina mlango wa kutokea, huacha maumivu na makovu. Makazi yake ya kawaida ni nyonga. Mara chache huonekana kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, kitovuni au hata mapafuni. Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kuzipanda tishu hizo tumboni. Maelezo hayo hayafiki kwenye titi; huko hudhaniwa kwamba husafirishwa na damu au limfu. Daktari aweza kufanya kazi maisha yake yote asimwone mgonjwa wa namna hiyo hata mmoja.

Kwa hiyo yapasa ugonjwa huu ufikiriwe mwisho, si mwanzo. Kupapasa hakutoshi, wala picha ya altrasaundi, maana huonyesha uvimbe bila kuthibitisha asili yake. Hapana budi kuchukua kinyama kwa sindano nene, kukihifadhi katika fomalini na kukitazama kwa hadubini. Mwanapatholojia akiona tezi za aina ya mji wa mimba, tishu zinazozizunguka na mabaki ya damu ya zamani, ndipo endometriosi hutajwa. Kipimo cha vipokezi vya estrojeni peke yake hakitenganishi, kwa kuwa saratani nyingi za titi nazo huwa navyo.

Uvimbe ukithibitika, tiba yake ni kuukata wote. Kwa endometriosi ya nyonga hutumika pia homoni, mathalani vidonge vya uzazi wa mpango au sindano ya medroksiprojesteroni. Dawa hizo hizo hazitakiwi kupewa mwanamke mwenye saratani ya titi. Kumwanzishia mtu homoni kwa kudhani tu, kabla ya jibu la maabara, ni kucheza na moto.

Je, endometriosi hugeuka saratani? Ni mara chache sana. Uhusiano unaojulikana zaidi ni ule wa saratani ya ovari, na hata huko hatari ya mwanamke katika maisha yake yote hubaki chini ya 2 kwa 100. Kwa saratani ya titi, ongezeko, likiwapo, ni dogo.

Saratani yenyewe aghalabu huanza bila maumivu, ndiyo maana hudharauliwa. Uchunguzi wa madaktari wa Bugando uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wao walifika ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Anayetoka Ukerewe ana ziwa la kuvuka. Wa Butimba anayo Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana papo hapo, na Bugando ni mwendo wa daladala. Aandike tarehe za hedhi na za maumivu, aende nazo. Uvimbe usiotoweka baada ya hedhi moja upelekwe kupimwa. Ule unaovuta ngozi, au unaoambatana na damu chuchuni au tezi za kwapani, usisubiri hedhi yoyote.